Ugonjwa wa Jumapili

Ruaha, karibu na Kidodi
11 Februari 1968

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini Mwinjilisti Simoni anapokusomea barua hii umekaa kitako na mgongo umekubali. Nawasalimu dada Lea na watoto wake, na Simoni mwenyewe namshukuru kwa macho yake. Mimi mwanao ni mzima, ila ni uzima wa mkata miwa, maana yake bado nasimama.

Kazi nimepata kwa mzee Wenceslaus, mwenye shamba la miwa upande huu wa mto. Huku miwa huchomwa moto kwanza ndipo ikatwe. Kwa hiyo mtu anaingia shambani mweusi na anatoka mweusi zaidi, na masizi yanashuka na jasho mpaka kinywani. Kila mmoja anapewa mistari yake. Hujamaliza mistari, siku yako haijahesabiwa. Wiki ya kwanza nilidhani mikono itabaki kwenye panga.

Lakini sikiliza nilivyopona. Kuna mama anaitwa Odilia anauza chai kabla ya jua. Ukikaa tu kwenye benchi anakuuliza, "Kavu au ya mbili?" Chai ya mbili ni ile iliyosagiwa vidonge viwili vya maumivu. Wanaviita episii. Nilisema kavu, na mwenzangu Lukasi akanicheka mbele ya watu: "Mwacheni, huyu wa milimani bado anakunywa chai ya watoto wa ubatizo." Kesho yake nikaomba ya mbili. Mama, maumivu yaliondoka kama mtu aliyeitwa nje. Nilimaliza mistari yangu, nikamsaidia na jirani.

Nimekuwekea arobaini ndani ya karatasi ya buluu ya sukari. Anavileta huyu jamaa anayepanda treni kwenda Kilosa. Sina kitu kingine kizuri cha kukutumia. Siku ya kwenda shamba la ujamaa, meza viwili asubuhi. Mgongo wako utanyamaza.

Ni mimi mwanao,
Yeremia


Chilunda
7 Aprili 1968

Mwanangu Yeremia,

Marahaba, marahaba tena. Sisi huku ni wazima, mvua inatosha, maharage yanatambaa. Lea anakusalimu, mtoto wake wa mwisho ameota meno na anamng'ata kila mtu.

Zawadi yako imefika. Nilimeza viwili kama ulivyosema, nikalima ngwe yangu yote kwenye shamba la ujamaa nikawaacha nyuma wasichana. Mwenyekiti akasema, "Mama Magreti, leo umevaa miguu ya nani?" Nikamwambia ya mwanangu. Walicheka sana. Vingine niliwagawia wenzangu wa Umoja wa Akina Mama, wanakuombea.

Kama vinapatikana, tuma tena. Kama ni vigumu, usijitese.

Mama yako mzazi

Mimi Simoni nimeandika kama alivyosema. Naongeza kwamba jembe lake sasa linalia alfajiri, na halisimami mpaka wengine tunaona aibu.


Ruaha
20 Septemba 1970

Mama,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Nimekaa kimya kwa kuwa msimu wa kukata hauna Jumatatu wala Ijumaa. Kikohozi chako kimeisha? Watoto wa Lea wamepona surua?

Mimi ni mzima isipokuwa ugonjwa mmoja ambao tumeuzoea wote huku. Tunauita ugonjwa wa Jumapili. Siku sita mtu anakata miwa hana tatizo. Ikifika Jumapili, Odilia kaenda misa na kibanda kimefungwa, tunalala kwenye mabanda yetu kama kuku wa kideri. Kichwa kinapasuka, mikono inatetemeka, mtu akikusemesha unataka kumpiga. Jumatatu ukinywa chai ya mbili unapona palepale. Lukasi anasema dawa ya ugonjwa huu ni kufuta Jumapili. Wazee wa hapa wanasema mwili uliozoea kazi unachukia kupumzika, na mimi nimeamini, maana nauona kwa macho yangu.

Siku hizi viwili havinitoshi. Nameza viwili asubuhi, viwili saa nne, vinne mchana. Jumapili naweka akiba chini ya mto.

Nimekutumia mia moja mara hii, kwenye kopo la majani ya chai. Usiwagawie watu wote, watakumalizia.

Mwanao anayekukumbuka,
Yeremia


Chilunda
2 Machi 1971

Mwanangu,

Marahaba. Tumshukuru Mungu tunapumua. Shamba la ujamaa limeongezwa, sasa ni siku nne kwa wiki.

Ule ugonjwa wako wa Jumapili umenifikia hata mimi, ila kwangu unakuja Jumanne. Simoni anacheka anapoandika hili, mwambie asicheke. Kopo lilikwisha mwezi wa kwanza. Nililala siku tatu na kitambaa kimefungwa kichwani, nikamfukuza mjukuu kwa kuwa anapumua kwa sauti. Halafu Lea akapata viwili dukani nikaamka.

Serikali imeleta kisomo cha watu wazima. Jioni tunakaa chini ya paa la kanisa na vibao. Nimeshajua kuandika M. Inafanana na milima yetu.

Mama yako

Simoni hapa. Yeremia, sikucheka. Mama siku hizi ana hasira ambazo si zake. Wale wenzake aliokuwa akiwagawia, sasa anawaambia vimekwisha hata kama kopo linalia mkononi.


CHILUNDA
6 MEI 1973

MWANANGU YEREMIA.
MIMI NI MAMA YAKO. HUU NI MKONO WANGU. SIMONI HAYUPO. LEA HAYUPO. NIMEANDIKA SIKU NNE.
U MZIMA? MIMI NI MZIMA KIDOGO.
SASA NAKUAMBIA NENO AMBALO SIKUWEZA KULIPITISHA KWA SIMONI. VIDONGE NAMEZA KUMI NA MBILI KWA SIKU. NISIPOMEZA SIWEZI KUSIMAMA. SIWEZI KUSALI. KANISANI TUNAFUNDISHWA MWILI USITAWALIWE NA POMBE WALA TUMBAKU. MIMI NI KIONGOZI WA AKINA MAMA. NITASEMA NINI.
TUMA VINGI. USIMWAMBIE LEA. USIMWAMBIE SIMONI. NIAPIE.
MAMA YAKO MAGRETI


Ruaha
3 Juni 1973

Mama yangu,

Shikamoo mara elfu. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Nilimpelekea Lukasi, nikampelekea Odilia, nikampelekea mnyapara. Ile sehemu ya chini niliikunja wasiione. Nikawaambia, "Huyu ni mama yangu, hakuwahi kushika kalamu, tazameni." Odilia alipiga vigelegele mpaka chai ikachemka ikamwagika.

Herufi zako zimesimama moja moja kama watu kwenye foleni. Zangu zinashikana mikono, kwa kuwa mwandiko wa kuunganisha nilichapwa fimbo darasa la tatu mpaka nikaujua, na nikatoka darasa la nne bila kitu kingine. Sasa tunaweza kusema sisi wawili peke yetu. Hata Simoni hatakiwi tena.

Naapa sitamwambia mtu. Mama akiomba kwa mkono wake mwenyewe, mimi nitakataaje? Nimepata kopo zima la dukani, mia tano, halijafunguliwa. Limo ndani ya gunia la mchele. Likiisha niambie.

Mwanao mwenye furaha,
Yeremia


Ruaha
15 Septemba 1974

Mama,

Shikamoo. Nisamehe sikuandika mwaka mzima zaidi ya vifurushi viwili. Nakuomba ukae mahali peke yako ndipo usome.

Lukasi tumemzika. Alianza kuvimba uso asubuhi, tukamtania kwamba ameoa na anapikiwa vizuri. Halafu akawa anakojoa kidogo sana, anatapika, anajikuna ngozi mpaka damu. Mwisho alikuwa analala katikati ya maneno yake. Tulimpeleka kwenye zahanati ya Mikumi tumemweka juu ya lori la miwa. Mganga wa pale, Thadeo, alimtazama kope kisha akatuuliza sisi tuliomleta, "Mnameza vingapi?" Hakuuliza kama tunameza. Lukasi hakumaliza wiki.

Nilibaki na Thadeo akanieleza, nami nakueleza alivyosema. Kidonge kile kina vitu vitatu. Cha kwanza kinatuliza maumivu, lakini kikimezwa kila siku kinakwangua tumbo mpaka linatoka damu kwa ndani, na choo kinakuwa cheusi kama lami. Cha pili ni kile kilichomo kwenye kahawa. Kinakuamsha, na mwili ukikizoea, siku ukikikosa kichwa kinapasuka. Cha tatu kinaitwa fenasetini, na hicho kinaua figo polepole, miaka kwa miaka, bila kupiga hodi. Mtu mwenye homa akimeza kimoja siku moja hapati madhara hayo. Sisi tumekula kama chakula.

Nikamwambia habari ya ugonjwa wa Jumapili. Alinitazama kama mtu anayetaka kucheka ila hawezi. Akasema, "Ninyi hamjawahi kuugua Jumapili. Mlikuwa mnaugua siku sita, Jumapili mwili ukidai." Mama, ni vidonge vyenyewe vinavyoleta kichwa kile, halafu vinajifanya dawa yake. Miaka sita nimekuwa namlisha mwizi ili anilinde.

Mimi mkojo wangu una damu. Thadeo anasema figo zimeumia lakini huenda zikashika zilipo nikiacha sasa. Nimeacha. Siku nne za kwanza nilitapika na kulia kama mtoto, nikaenda kwa Odilia nikamwomba kwa magoti, naye akanimwagia maji ya vikombe akasema, "Nenda zako, nimeshamuua mmoja." Siku ya tano kichwa kilikuwa kizito. Siku ya tisa niliamka nikasikia ndege.

Acha mama. Tupa vyote. Utaumwa sana, kisha utapona. Kunywa maji, nenda hospitali ya misheni uwaambie ukweli wote. Usivae aibu. Mimi ndiye niliyekuletea kitu hiki, nikakufungia kwenye karatasi ya buluu kama pipi. Nijibu haraka: je, uso unavimba asubuhi? Choo kiko vipi?

Mwanao,
Yeremia


CHILUNDA MPYA
20 OKTOBA 1974

MWANANGU YEREMIA.
BARUA YAKO NDEFU NIMEIPATA. NIMEFURAHI. NI NZITO KAMA YA MTU MKUBWA.
TUMESHUSHWA KUTOKA MLIMANI. SASA TUKO BONDENI KWENYE KIJIJI KIPYA. NYUMBA ZIMEPANGWA MSTARI. JOTO LINANIVIMBISHA USO NA MIGUU.
KOPO LIMEKWISHA. KWENYE BARUA HUKUWEKA KITU. UMESAHAU. USISAHAU TENA.
MAMA YAKO


Ruaha
24 Novemba 1974

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta jibu langu ndani yake, silioni. Unasema umefurahi. Umefurahia nini, kifo cha Lukasi? Au umekasirika, ndiyo maana unanipita kama hujanisikia? Kama ni hasira, una haki.

Sikusahau. Sitatuma tena hata kimoja, na najua unavyoumwa unaposikia hivyo, kwa maana nimeumwa hivyohivyo. Unasema joto linakuvimbisha uso. Si joto, mama. Ni figo. Nenda hospitali wiki hii, mwambie Lea akushike mkono.

Ningekuja mwenyewe. Thadeo amenilaza Mikumi mara mbili, miguu yangu inajaa maji, hata kufika stesheni ya Kidatu sifiki bila kushikwa. Nilitaka kumwandikia Simoni, nikakumbuka nilikuapia. Nangoja jibu lako kwanza. Usipokwenda, nitakiuka kiapo.

Mwanao,
Yeremia


CHILUNDA MPYA
12 JANUARI 1975

MWANANGU.
NASEMA KWELI SASA KWA KUWA NIMECHOKA.
BARUA ZAKO TATU ZIKO CHINI YA MTO. SIJAZISOMA. MWANDIKO WAKO UNAKIMBIA. KISOMO WALITUFUNDISHA HERUFI ZA KITABU, MOJA MOJA. ZAKO ZIMESHIKANA, SIJUI HII INAISHIA WAPI NA ILE INAANZIA WAPI. NILIONA AIBU KUKUAMBIA. NILITAKA UFURAHI.
SIWEZI KUMPA SIMONI ASOME. JAMBO LETU LIMO NDANI. LEA NAYE ATAMPELEKEA SIMONI.
NIMEJUA KITU KIMOJA TU. MBILI ZA MWISHO HAZINA VIDONGE NDANI. UMENIACHA? NAPELEKA MAHARAGE DUKANI NAPATA VICHACHE. TUMBO LINAWAKA. CHOO NI CHEUSI.
NIANDIKIE KAMA MIMI. MOJA MOJA. NITASOMA MWENYEWE.
MAMA YAKO


RUAHA
26 JANUARI 1975

SHIKAMOO MAMA.
U HALI GANI?
MIMI NI MZIMA.
NISALIMIE LEA NA WATOTO.
MAMA, VIDONGE VINAKUUA.
VINAKATA TUMBO. VINAUA FIGO.
USIMEZE TENA HATA KIMOJA.
CHOO CHEUSI NI DAMU. NENDA HOSPITALI LEO.
SIJAKUACHA. MPE SIMONI BARUA ZOTE. AIBU NI YANGU.
MWANAO YEREMIA


Chilunda Mpya
17 Februari 1975

Ndugu yangu Yeremia,

Salamu katika Bwana. Nakuuliza hali kwa sababu ni desturi, ingawa Lea amenipa barua zako zote alizozikuta chini ya mto, nimezisoma nami najua hali yako. Kaa chini, kama una mtu karibu mwambie asiondoke.

Mama yako amelala. Tulimzika Alhamisi, tarehe 13, kwenye makaburi ya huku chini; kaburi lake ni la tatu tangu tuhame.

Barua yako ya mwisho ilifika Jumanne mchana. Aliijua mara moja kwa herufi zake. Nilikuwa nimepita kumtazama, nikanyoosha mkono nimsomee kama zamani, akaificha kifuani, akasema, "Mwinjilisti, hii imeandikiwa mimi." Nikaondoka. Nyumba yangu ni ya tatu kutoka kwake. Jambo hilo nitalibeba.

Lea alikuwa anachambua maharage mlangoni, ndiye aliyenieleza. Mama aliketi kwenye kigoda karibu na jiko, mkono una majivu, akaweka kidole kwenye karatasi akasoma kwa sauti kama darasani. Shi-ka-mo-o ma-ma. Akanyanyua uso akaitikia, "Marahaba mwanangu," kama vile umesimama pale. Akapumzika. U ha-li ga-ni. Akajibu, "Sijambo baba, kidogo tumbo." Akapumzika zaidi. Mi-mi ni m-zi-ma. Akasema, "Mungu ashukuriwe." Jasho lilikuwa linamtoka. Lea akamwambia, "Mama, nikusaidie?" Akasema, "Acha nile salamu zangu polepole. Maneno yenyewe kesho."

Kisha akafungua pindo la khanga, akameza viwili, akajilaza.

Jumatano asubuhi alitapika damu nyingi, nyeusi kama masalia ya kahawa. Tulimbeba kwa machela kuelekea hospitali ya misheni. Alitutoka njiani kabla hatujafika mtoni.

Lea ametupa vilivyobaki chooni. Wale akina mama aliokuwa akiwagawia siku za kwanza nimewakusanya nikawasomea ile barua yako ya mwezi wa tisa, yote, hata mahali pa Odilia. Wawili wamekwenda hospitali.

Nakurudishia barua yako ya herufi moja moja, ni mali yako. Usilaumu kwamba ulianza na shikamoo; mimi pia ningeanza hivyo. Utaona alama ya kidole chake, ile ya majivu, imepita chini ya mstari wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Kuanzia hapo kwenda chini karatasi ni safi.

Ndugu yako katika majonzi,
Simoni